Kabla ya Kuamua Nyumbani au Ofisini, Tuandike Tuliyokubaliana

Wakuu wa ofisi za Mwanza wanaojadili kama wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani wanapaswa, kwa maoni yangu, kujiuliza kwanza uamuzi unamfikiaje mtu ambaye hakuwepo ulipofanywa. Ninaishi Rotterdam, ninakoshughulikia nyaraka za mizigo ya minofu ya sangara, na nusu ya timu yetu iko Mwanza. Tofauti ya saa ni moja au mbili tu kulingana na majira, kwa hiyo umbali wa saa hautuzuii kuelewana.

Ofisi ya Mwanza ina uhai ambao huku Uholanzi sijauona. Mhasibu humwita mtu wa ghala, naye humpigia dereva, na jambo ambalo huku lingezungushwa kwa barua pepe siku nzima humalizika kabla chai haijapoa. Lakini yanayokubaliwa hivyo hubaki kwa waliokuwepo. Mzigo mmoja ulihamishiwa ndege nyingine wakati wa chakula cha mchana. Kila aliyekuwa mezani alijua, nami nikaendelea kuandaa nyaraka za ndege ya awali, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshaniarifu. Huku, wenzangu hukaa nyumbani siku kadhaa za wiki bila kazi kukwama, maana kila kikao huacha maandishi ya nani anafanya nini, lini, na kwa idhini ya nani.

Hata hivyo, sishauri ofisi zifungwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Human Behaviour, uliochunguza mawasiliano ya wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani katika nusu ya kwanza ya mwaka 2020, ulionyesha kwamba kazi ya nyumbani ilidhoofisha mawasiliano baina ya idara na kuwafanya watu wajifungie zaidi katika makundi yao. Hasara hiyo ingekuwa kubwa zaidi kwetu Mwanza, ambako kijana mgeni kazini hujifunza kwa kumsikiliza mkubwa wake akimtuliza mteja kwenye simu. Kumwacha peke yake nyumbani, mitaa kama Buswelu au Nyegezi, umeme ukikatika na bando akinunua kwa fedha zake, ni kumnyima mafunzo na kumtwisha gharama za mwajiri. Tena kijana huyo huyo, ambaye kwa adabu hawezi kumkatiza mkubwa kwenye mkutano wa video, humfuata baadaye ukumbini na kumweleza tatizo kwa utulivu. Mtandaoni nafasi hiyo haipo.

Ningependa kuona siku tatu za pamoja ofisini, mbili za nyumbani kwa waliokwisha kuzoea kazi, bando ikilipwa na kampuni, na kila kikao kikiwa na mwandishi. Mkuu wa ofisi ashike zamu ya kwanza ya uandishi, kwa kuwa maamuzi mengi ya mdomo hutoka kwake, na walio chini yake wataona ni utovu wa heshima kumdai maandishi.