Jeraha la kisu nalo lifuatwe hadi nyumbani

Mtu akikutwa na malaria hapa Unguja, afisa wa afya hufunga safari hadi nyumbani kwake. Humuuliza alisafiri lini, huwapima na wenzake wa nyumba ile. Ufuatiliaji huo ni sehemu ya kazi iliyoishusha malaria visiwani. Sasa mtazame kijana aliyechomwa kisu usiku. Ataulizwa PF3, ile fomu ya polisi, atashonwa, atarudi kwao. Nani atakwenda kuuliza ilikuwaje?

Hilo linaniuma. Mauaji tunayazungumza siku jeneza linapotoka msikitini, kesho yake barzani tumesharudi kwenye mpira.

Cali, nchini Colombia, mwaka 1992 ilimchagua meya daktari, Rodrigo Guerrero, mtaalamu wa epidemiolojia, elimu ya namna maradhi yanavyoenea. Aliyachunguza mauaji ya mji wake kama mtu anayechunguza kipindupindu: siku gani, saa ngapi, kwa silaha ipi. Akakuta mengi yameangukia mwisho wa wiki na siku za mshahara, na wengi waliouawa walikuwa wamelewa. Basi akabana saa za kuuza pombe, na kwa siku hizo akapiga marufuku kubeba bunduki. Mauaji yakapungua. Cardiff, huko Wales, daktari wa upasuaji wa taya, Jonathan Shepherd, aligundua kuwa majeruhi wengi wa hospitali hawajulikani kabisa polisi. Mapokezi wakaanza kuuliza wapi, lini na kwa silaha gani, majibu yakapelekwa polisi na manispaa bila majina.

Idadi ya waliokufa peke yake inadanganya. Aliyewahiwa kwa damu na upasuaji hahesabiwi kuwa ameuawa, ingawa kisu kilikuwa kilekile na mkono ni uleule. Hospitali zikiboreka, vifo hupungua hata kama mitaani hakuna kilichobadilika. Tena mji wenyewe umefura: Mjini Magharibi ilikuwa na watu 593,678 kwenye sensa ya 2012, na 893,169 mwaka 2022. Mauaji kumi ya mwaka ule si sawa na kumi ya mwaka huu. Hesabu iwe kwa kila watu laki moja, na ifuatwe miaka kumi au ishirini, maana mwaka mmoja mbaya hauonyeshi mwelekeo.

Ninachoomba ni maswali matatu tu pale mapokezi, kuanzia hospitali ya Mnazi Mmoja: wapi, saa ngapi, kwa kitu gani. Kila mwezi majibu yapelekwe kwa masheha, viongozi wa mitaa yetu, bila jina la mgonjwa. Sheha akiona majeraha manne yametoka kichochoro kimoja kisicho na taa, aanzie hapo.