Turudishieni kifuniko cha kamera

Jana fundi simu wa Kariakoo kanitoa elfu arobaini. Si skrini, si betri: kioo cha kamera, kile cha mgongoni kisichozidi ukucha wa dole gumba. Na simu sijaidondosha hata mara moja. Nimekuwa nikiilaza mezani tu kama binadamu wengine, lakini simu za siku hizi kamera imezitoka nundu mgongoni, kwa hiyo ukiilaza, inalalia jicho. Aliyebuni hivyo sijui kama ana meza kwao.

Nikiwa kwenye kistuli cha fundi nikaikumbuka Nokia N73. Ya 2006, megapikseli 3.2, lenzi ya Carl Zeiss. Mgongoni ilikuwa na kifuniko. Unakisukuma chini kwa kidole, tak, lenzi inachungulia na kamera inajiwasha. Ukimaliza unakirudisha. Mfukoni inagombana na funguo na sarafu, lenzi haina habari.

Miaka ile wabunifu walikuwa wanahangaika, na hangaiko lao lilionekana. Nokia 7650 ya 2002 uliisukuma juu ndipo ukaviona vitufe vya namba. N90 ulizungusha kipande chenye kamera kama unafungua chupa. N93 ilikunjuka ikawa kamera ya video ya harusini, na zumu ya lenzi kabisa, mara 3. Nyingine zilikuwa tofali, sibishi. Lakini ulizijua gizani kwa kupapasa.

Kisha N95. Ile ya kwanza, ya mwanzoni mwa 2007, megapikseli 5, ilikuwa na kifuniko. Mwaka haujaisha ikaja N95 8GB, kifuniko hakipo. Sisi tukashangilia gigabaiti! Tuliibiwa huku tunapiga makofi. Na mwaka huohuo iPhone ya kwanza ikaingia na megapikseli 2, haina flashi, hairekodi hata video, na bado ndiyo iliyoshinda. Basi.

Ila kinachoniuma si elfu arobaini. Bibi yangu macho yalikuwa yameanza kumtupa, lakini masikio yalikuwa mazima. Akisikia tu lile tak, anavuta kanga: "Ngoja kwanza, sijajitanda." Anaiweka sawa begani, ananyoosha mgongo, ndipo anasema, "Haya." Picha zote nilizonazo za bibi, amekaa kama anasubiri wageni wa heshima. Kifuniko kilikuwa kinabisha hodi. Leo unafungua stetasi za watu unajikuta umo, mdomo wazi, unatafuna ubwabwa wa msibani. Nani alikubishia hodi? Simu iliyokupiga picha ilikuwa imeshikwa vilevile kama ya mtu anayesoma meseji.

Haya, najua mtasema nini. Picha za sasa nzuri, giza totoro zinaona. Simu isiyo na kitu cha kusogeasogea ni rahisi kuizibia maji na vumbi. Na kifuniko cha N73 yangu kilipolegea kikawa kinajifungua chenyewe mfukoni: napanda daladala Mbagala betri imejaa, nashuka Posta simu imezima, nikija kuichaji nakuta picha kumi na moja za giza la suruali. Nakubali. Nilikilaani sana siku hiyo. Lakini kitu kikilegea si kinakazwa?

Kuna atakayeniambia yapo makava yenye kifuniko cha kusukuma, ninunue. Yaani nyumba nauziwa bila mlango, mlango nikautafute mwenyewe Kariakoo, tena kwa hela yangu.

Fundi akamaliza kubandika kile kioo kipya, akakipangusa na shati lake, akaniangalia.

"Kaka, nikuwekee na protekta ya kamera? Buku tano tu."

Nikatoa buku tano.