Sindano Badala ya Kisu Mochwari

Ndugu wa marehemu wakikataa maiti kupasuliwa, haraka husemwa kwamba wana imani potofu. Naona wanaonewa. Watu hawa wanatamani sana kujua kilichomuua mtoto wao. Wasichotaka ni kupokea mwili ulioshonwa kuanzia kifuani hadi tumboni na, hasa kwa Waislamu, kucheleweshewa maziko. Waondolee hayo mawili, wengi watakusikiliza.

Na yanaondoleka. Mwaka 2020, Covid ilipofanya upasuaji wa kawaida kuwa hatari kwa wahudumu, timu ya Paulo Saldiva katika Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, ilichunguza maiti kwa ultrasaundi, kipimo kilekile wanachopimwa wajawazito. Daktari hupitisha kifaa juu ya ngozi, akaona ini lilipo, maji yaliyojaa kifuani, au sehemu ya pafu iliyokuwa ngumu. Kisha huchoma sindano hapohapo na kutoa kinyama chembamba cha kupeleka maabara. Kinachobaki mwilini ni tundu dogo tu.

Jirani zetu wa Maputo walijaribu sindano bila ultrasaundi, wakalinganisha na upasuaji kamili kwa watu wazima 112. Majibu yalikubaliana kwa takriban robo tatu yao. Ni mafanikio makubwa, lakini sindano isiyo na picha ya kuiongoza inaweza kupita kando ya jipu la ini bila kuligusa, ndiyo maana naitetea ultrasaundi.

Siaya na Kisumu, nchini Kenya, sindano hizi zimetumika kwa watoto waliofariki wakiwa chini ya miaka mitano, kupitia CHAMPS, mtandao wa nchi kadhaa unaochunguza sababu za vifo vya watoto, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Katika nchi za mtandao huo, bakteria aina ya Klebsiella, ambao mara nyingi huambukizwa hospitalini, walionekana kuua watoto wengi kuliko ilivyodhaniwa. Kumhoji mama msibani kusingefichua hilo kamwe!

Kifo chenye dalili za jinai bado kinahitaji upasuaji kamili. Bonge la damu kwenye mshipa wa pafu linaweza kuikwepa sindano, na mifupa huzuia picha.

Nisichokubali ni majibu kuishia kwenye kompyuta za watafiti. Familia iliyotoa ridhaa ielezwe kwa lugha yake, na mhudumu aliyefunzwa kazi hiyo, hasa ikiwa ugonjwa huo unaweza kumpata mtoto mwingine wa nyumba ileile au mimba ijayo. Gharama ya mhudumu huyo iwekwe kwenye bajeti ya hospitali pamoja na ya sindano.