Kisu kinalaumiwa, saa zilizopotea hazitajwi

Mgonjwa akifanyiwa upasuaji wa kichwa kisha asizinduke, ndugu humtazama aliyeshika kisu. Lawama hiyo ina msingi wake. Fuvu likifunguliwa, vijidudu hupata njia, damu huweza kuvilia tena, na degedege huja. Utafiti wa RESCUE-ASDH, uliochapishwa 2023, uliwafuatilia watu wenye damu iliyovilia chini ya utando wa ubongo. Kati ya waliorudishiwa kipande cha mfupa papo hapo, 14.6% walipasuliwa tena ndani ya wiki 2. Kati ya ambao mfupa wao uliachwa nje, waliopasuliwa tena walikuwa 6.9% tu, lakini kundi hilo likapata matatizo ya kidonda kwa 12.2%, dhidi ya 3.9% ya kundi la kwanza.

Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja hali za makundi yote mawili zilikaribiana. Basi kilichowatenganisha waliopona na wasiopona kinatafutwa wapi? Umri umo, na mboni za macho zisizoitikia mwanga zimo, ila hayo daktari anayakuta tu.

Muda ni habari nyingine. Mwaka 1981 madaktari wa Richmond, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 82 waliokuwa koma kwa damu ya aina hiyohiyo. Waliopasuliwa ndani ya saa 4 tangu kuumia walifariki 30%. Waliochelewa zaidi ya hapo walifariki 90%. Tafiti za baadaye hazikuukuta mpaka huo ukiwa mkali kiasi hicho, na ni haki kulisema. Lakini hakuna aliyeonyesha kwamba kuchelewa kunausaidia ubongo uliobanwa.

Sasa mfikirie kijana wa bodaboda aliyeanguka mbali na mji. Anapakiwa kwenye bajaji, shingo inaning'inia, matapishi yanaziba koo. Hospitali ya kwanza haina CT-skani, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Rufaa inasubiri gari, gari linasubiri mafuta. Njiani namba ya juu ya presha ya damu ikishuka chini ya 90, au oksijeni ikipungua, ubongo unaumia mara ya pili, na jeraha hilo halitolewi kwa kisu. Mpasuaji hodari anapokea kichwa kilichokwisha kuharibika, kisha anabeba lawama yote.

Kikao cha kujadili kifo kama hicho kisianzie kwenye karatasi ya upasuaji. Kianze na saa ya ajali, saa ya kufika kituo cha kwanza, na presha ya kwanza iliyoandikwa. Kama haikuandikwa, kijadili hilo kwanza.