Barua ya Mapenzi Yenye Mnyoo Ndani
Hivi kwa nini mnyoo wa kompyuta, yaani programu haribifu inayojisambaza yenyewe, lazima utujie kwa jina la mtu tunayemwamini? Mei 2000, barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilitoka Ufilipino ikazagaa duniani, kwa sababu kila aliyefungua kiambatisho chake aliiruhusu programu ijitume kwa anwani zote zilizomo katika Outlook, programu yake ya barua pepe, na kuharibu faili zake za picha. Nani kati yetu asingeifungua barua ya mapenzi kutoka kwa mfanyakazi mwenzake? Tena Windows, kwa kawaida yake, ilificha herufi za mwisho za jina la faili, watu wakaona .TXT, yaani maandishi tu yasiyo na madhara, huku .vbs, yaani programu yenyewe, ikijibanza nyuma yake! Inaudhi mno. Na mtunzi wake? Hakuadhibiwa, kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo wakati ule!