Anzieni kwenye posho, siyo kwenye Durkheim

Utangulizi wa sosiolojia hapa Lubumbashi hufundishwa kama orodha ya mababu. Kwanza Auguste Comte, aliyelitangaza jina la fani hii mwaka 1839. Kisha Marx, Durkheim na Weber, kila mmoja na kurasa zake kwenye silabusi. Siku ya intero, yaani jaribio la darasani, swali linajulikana: eleza nadharia tatu kuu. Mwanafunzi anaandika kwamba uamilifu huona jamii kama mwili, nadharia ya mgongano huona mapambano, na ile ya mwingiliano wa kiishara huona maana. Anapata 14 juu ya 20. Mwulize basi kwa nini vijana wa mtaani kwake wanakwenda kuchimba Kolwezi, atakujibu sawasawa na mtu ambaye hajasoma kozi hiyo.

Maoni yangu: kozi ipinduliwe. Tuchukue kitu kimoja ambacho kila ukoo wa Katanga unakijua, tukae nacho wiki kadhaa, na wale wazee waingie mmoja mmoja pale swali linapowahitaji. Mimi ningechukua posho ya Union Minière, yaani chakula ambacho kampuni hiyo ya madini ya shaba iliwagawia wafanyakazi wake.

Mambo yenyewe kwanza. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wa Lubumbashi, wakati huo ukiitwa Élisabethville, ukafuata mwaka 1910. Miaka ya mwanzo iliajiri wanaume kwa mikataba mifupi, wengi bila wake zao. Walikufa kwa maradhi, walitoroka, waliomaliza muda walirudi kwao, na kampuni ikalazimika kutafuta wengine mbali tena. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza mwendo: mkataba wa miaka 3, nyumba kambini, mke aje, watoto wapate shule na hospitali. Na posho ya chakula ikahesabiwa kwa mfanyakazi, mke na watoto.

Mwamilifu anauliza: posho ilifanya kazi gani? Ililisha, na ilimfanya mtu abaki. Hiyo ni dhima ya wazi, kwa lugha ya mwamilifu Robert Merton. Dhima fiche iko chini yake: kampuni ilijua nani analala nyumba gani na ana watoto wangapi, na mke akabaki akitegemea jina la mumewe kwenye daftari la mwajiri. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wanaandika kwamba posho ilikuwepo kwa sababu jamii iliihitaji. Durkheim mwenyewe alilikataza kosa hilo mwaka 1895: kuonyesha kitu kinafaa nini si kueleza kimetoka wapi. Na niseme wazi, maelezo ya kiamilifu kuhusu kambi yanafanana mno na yale ambayo kampuni ingependa kuyasikia kuhusu yenyewe.

Ndiyo maana kwa kujengwa kwa kambi namwamini Marx zaidi. Yeye anauliza nani analipia mfanyakazi wa kesho. Mtoto aliyezaliwa kambini, akatibiwa hospitali ya kampuni na kusomeshwa kwenye shule yake, ni mfanyakazi asiyehitaji kutafutwa vijijini. Unga, katika hesabu hiyo, ni gharama ya uzalishaji kama makaa ya kuyeyushia shaba. Na hesabu ikivurugika, mgongano hutoka hadharani: Desemba 1941, bei zikiwa zimepanda kwa vita, wafanyakazi waligoma wakidai mshahara, na askari wakawapiga risasi Élisabethville.

Kosa la kawaida kuhusu Marx ni kudhani tabaka ni kiasi cha pesa mfukoni. Tabaka ni nafasi ya mtu mbele ya nyenzo za uzalishaji. Mtazame kreza wa leo, yaani mchimbaji mdogo wa mkono: koleo ni lake, hana mshahara, na madini anauza mwenyewe. Lakini ardhi si yake, na bei, mizani na kipimo cha ubora viko mikononi mwa depo inayonunua. Umweke wapi? Hilo ndilo swali la mtihani, na anayejibu tu kwamba ni maskini hajajibu.

Weber nampitia haraka, ingawa wenzangu watalalamika. Aina zake tatu za mamlaka (ya jadi, ya karama, ya kisheria) zinafaa pale tu ukikumbuka kwamba ni vipimo vya kufikiria, hakuna inayopatikana safi. Mkuu wa kambi aliamuru kwa kanuni na namba ya mfanyakazi, huku akisema na watu wazima kama baba na watoto.

Neno hilo la baba ndilo kazi ya mwingiliano wa kiishara, nadharia iliyopewa jina na Herbert Blumer mwaka 1937: watu hutenda kulingana na maana waliyoipa hali yao. Anayeona mwajiri kama mwajiri tu, asipolipwa hudai deni. Aliyemwona kama baba husema ametupwa. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilipoanguka, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu kizima kuhusu wana wa Shaba (jina la zamani la Katanga) walioachwa na baba yao.

Na hapo ndipo Durkheim anapofaa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba aliyeheshimiwa kwa sababu ya posho akakaa nyumbani, mama akalisha watu kwa kuuza sokoni, na kanuni za nani anaamuru nani zikakosa pa kushika. Hiyo ni anomia. Wanafunzi huitafsiri kama vurugu au umaskini. Lakini Durkheim, mwaka 1897, alisema hata utajiri wa ghafla huileta, kwa kuwa tamaa inapoteza kipimo.

Kwenye karatasi ya mtihani, basi, mwanafunzi, fanya hivi: andika tukio moja kwa mistari mitano bila jina la mwanachuoni yeyote. Chagua nadharia moja, siyo tatu. Taja ungeona nini endapo nadharia hiyo ingekuwa na makosa. Halafu jaribu hili: migodi mingi sasa inatumia wafanyakazi wa kampuni ndogo za mkataba, bila kambi wala posho. Mtoto wa mfanyakazi huyo anaposoma na kutibiwa, bili analipa nani, na nani anafaidi?