Bata wa Kwenye Bango

Tangu bango lile lisimamishwe upande wa chini wa Kirinyaga Road, karibu na mto, sina raha. Linaonyesha jumba litakalojengwa hapa: maduka chini, ofisi katikati, juu kabisa fleti za watu watakaokwenda kazini kwa lifti, na mbele ya yote hayo Mto Nairobi wenye maji ya buluu, ambamo mtoto mwenye kofia anawatupia bata mkate. Mkate mzima, si makombo.

Mimi ni muuza vipuri na sipingi maendeleo. Nauliza tu bata hao watatoka wapi. Mto huu huanza katika kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, ukiwa na heshima zake, lakini ukifika kwetu umekwisha kupokea maji taka, mafuta machafu ya gereji na mifuko ya plastiki ambayo serikali iliipiga marufuku Agosti 2017 bila kuuarifu mto. Hayati John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliushughulikia kwa ukali, na bustani yenye jina lake karibu na mzunguko wa Globe ni ushahidi kwamba jambo linawezekana. Lakini hata yeye hakutuahidi bata.

Nimewachunguza pia watu wa kwenye picha. Hakuna aliyebeba gunia, hakuna anayesukuma mkokoteni, hakuna anayekimbilia matatu huku kiatu kimoja kikitaka kubaki nyuma. Kila mmoja ana kijimfuko cha karatasi na tabasamu la mtu asiyedaiwa kodi. Mama anayetuuzia chapati na ndengu chini ya mwavuli hayumo. Mahali pake pameandikwa "eneo la vyakula", orofa ya pili. Ili apande huko atadaiwa kodi, amana, ada ya usafi, na ile gudwili, yaani pesa za kupewa nafasi ya duka tu, ambayo kila mfanyabiashara wa katikati ya jiji hili anaijua na hajawahi kupewa risiti yake. Chapati ya shilingi 20 itabebaje mzigo huo wote?

Tena naijua Nairobi. Duka lile pana lenye vioo, likikosa mpangaji kwa muda kidogo tu, litakatwakatwa liwe eksibisheni, yaani vibanda vidogo vidogo, kama zile za barabara ya Luthuli, na kila kibanda kitakuwa na upana wa kabati la nguo, muuzaji akiketi ndani pamoja na simu, chaja, na shemeji yake anayetafuta kazi.

Basi tukaitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, kwa kuwa Katiba inataka wananchi washirikishwe. Mtaalamu alituonyesha picha ukutani, nami nikaona meza za kahawa zimepangwa ukingoni kabisa, mahali ambapo mteja akiangusha kijiko atakifuata kwa kuogelea. Nikainua mkono. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba Agosti 2018 majumba ya Ukay kule Westlands na South End kule Lang'ata yalibomolewa kwa madai kwamba yamekalia ardhi ya mto, na kwamba baada ya mafuriko ya 2024 wakazi wa Mathare na Mukuru walibomolewa nyumba kwa sababu zilikuwa ndani ya mita 30 kutoka majini. Je, meza hizi ziko mita ngapi?

Akanijibu kwamba meza si jengo, kwa kuwa huhamishika. Nikasema hata mabati ya Mathare yalihamishika, tena yalihamishwa na mto wenyewe. Watu wakacheka, yeye akaandika jambo fulani kwenye daftari, kisha akasema kwamba suala langu litazingatiwa katika awamu ya pili. Nilipouliza awamu ya pili ni lini, tukaletewa soda.

Kabla ya kutoka tuliandikishwa majina, nambari za vitambulisho na sahihi, nami nikatia yangu kwa mwandiko mzuri, maana soda ilikuwa baridi. Sasa nasikia karatasi ile imeambatishwa kwenye ripoti kama uthibitisho kwamba wafanyabiashara wa eneo hili wanauunga mkono mradi kwa kauli moja. Nimekwenda kueleza kwamba sahihi yangu ilikuwa ya soda, nikaambiwa nijaze fomu ya malalamiko, na kwamba fomu zimekwisha.